Maswali ya Wasomaji: Madoa ya Jua na Darubini ya Mitumba

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu: kwamba kila asubuhi isiyo na mawingu, kabla chai haijachemka, huwa nachora madoa ya jua, yale mabaka meusi yanayojitokeza usoni mwake, kwenye kaunta buku, hapa hapa uani kwangu Tanga. Kazi hiyo niliianza 2014, mwaka niliostaafu utunzaji wa maabara ya shule. Nilidhani aya zile zitapita kimya. Kumbe! Mhariri kaniletea bahasha nzima ya barua, pamoja na ujumbe wa simu aliouchapa kwenye karatasi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeitanguliza kwa sababu haisubiri.

Mama shikamoo. Mimi ni fundi simu hapa Msamvu, Morogoro. Baada ya kusoma safu yako nilichukua filamu mbili za eksirei, nikazibandika pamoja, nikatazama jua saa saba mchana kama dakika nzima. Nimeona duara tu, doa hata moja sikuona. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Umekosea kutazama. Zitupe hizo filamu. Na kama kuna kivuli kinachokaa katikati ya jicho hata ukiwa ndani ya nyumba, au mistari iliyonyooka unaiona imepinda, usisubiri toleo lijalo. Nenda kliniki ya macho leo.

Filamu ya eksirei hupunguza mwanga unaouona, ndiyo maana hukukunja uso. Miale isiyoonekana haizuii inavyopaswa, na wewe kwa kujitengenezea giza umeifanya mboni ifunguke zaidi na kuipokea. Ubaya mwingine ni kwamba retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho, haina neva ya maumivu. Mkono ukigusa sufuria ya moto utaruka. Retina ikiungua haisemi kitu, utagundua baadaye unaposhindwa kusoma ujumbe wa simu. Kioo kilichopakwa masizi ya kibatari, sidii, miwani ya jua hata ukivaa miwili, ndoo ya maji waliyotufundisha bibi zetu: vyote ni ndugu wa eksirei. Msinibishie kwa kusema babu alitumia na hakupofuka.

Vinavyofaa ni viwili. Kimoja ni miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua iliyoandikwa ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu. Mimi huimulika kwa tochi ya simu gizani, nikiona nukta ya mwanga inapenya naikata kwa mkasi. Kingine ni kioo cha kuchomelea vyuma namba 14. Fundi wa mtaani mara nyingi ana namba 10 au 11, hicho hakitoshi, hata akikuapia. Na miwani hiyo ni ya macho matupu. Usiivae halafu ukachungulia jua kwenye darubini, kwa sababu darubini itakusanya moto wote na kuitoboa kabla hujapepesa.

Ungetazama salama siku ile, ungeona doa? Huenda usingeona. Mengi ni madogo mno kwa macho matupu. Ila Mei 2024 lilikuwepo kundi moja, wataalamu walilipa namba 3664, lililokuwa na upana zaidi ya mara kumi na tano ya dunia yetu. Masika yalikuwa yamekaza, lakini tarehe 10 nilipata mwanya wa dakika chache kati ya mawingu. Nikavaa miwani yangu ya Rujewa, ile niliyokwenda nayo Mbarali tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipokuwa pete, na doa nikaliona wazi, kama punje ya ulezi kwenye sahani ya chungwa. Nilimwita hadi muuza mihogo aje aone. Usiku huo huo na kesho yake dunia ikapigwa na dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa sumaku ya dunia unaoletwa na milipuko ya jua, kubwa kuliko zote tangu 2003.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha fizikia Kasulu. Shule ina darubini ya lenzi ya milimita 60 iliyoachwa na wageni zamani, haina kichujio cha jua. Nimesoma kwamba naweza kuangusha picha ya jua kwenye karatasi. Je, ni kweli, na wanafunzi watapata nini zaidi ya kushangaa?

Ni kweli, na mimi nilianzia huko huko. Darubini yangu niliipata kwenye marobota ya mitumba pale Ngamiani, imefungwa ndani ya koti la baridi. Muuzaji alidhani ni bomba la mashine.

Kwanza ng'oa kile kidarubini kidogo cha kulengea kilichokaa mgongoni, au kifunike kwa plasta nzito. Mimi sikukifunika. Siku ya tatu nilisikia harufu ya kitambaa kinachoungua, nikageuka kutafuta jiko. Ilikuwa kanga yangu mwenyewe, imetobolewa begani na mwanga uliopita kwenye kile kidude nilichokisahau. Tundu lipo mpaka leo, upande wa maandishi.

Kulenga usichungulie. Tazama kivuli cha bomba chini. Lizungushe taratibu mpaka kivuli kiwe kidogo kuliko vyote, kiwe duara tu, na hapo mwanga utatokea nyuma wenyewe. Tumia lenzi ya jicho ya bei rahisi na yenye mwili wa chuma. Ile yenye fremu ya plastiki ndani itayeyuka, nami nimeyeyusha moja. Karatasi ishike kama nusu mita nyuma ya lenzi hiyo mpaka duara la jua lienee kwenye duara ulilochora la sentimita 15. Bomba livalishe kipande cha kadibodi mbele ili karatasi ikae kivulini. Na usiondoke hapo hata kwenda kupokea simu. Mtoto mmoja akiinamia lenzi kuona "kuna nini humo" ndiyo mwisho wa klabu yako, na mwisho wa jicho lake.

Sasa, watapata nini? Hapa ndipo ninapogombana na watu wa picha nzuri. Kushangaa kunaisha siku ya pili. Kinachobaki ni daftari. Wape zamu. Kila asubuhi mmoja achore madoa kwa penseli kali, kila doa mahali pake. Kisha aiache darubini bila kuigusa, duara la jua lenyewe litahama kwenye karatasi kwa sababu dunia inazunguka, na upande linakoelekea ndio magharibi. Waandike hiyo "Mgh" pembeni. Baada ya siku nne watakwambia wenyewe, bila kitabu, kwamba madoa yanasafiri, na kwamba jua nalo linajizungusha. Doa likitokea ukingo wa mashariki litachukua kama wiki mbili kufika ukingo wa magharibi na kupotea. Kundi kubwa likidumu, litarudi upande wa pili, na darasa litapiga makofi kama mtu aliyempokea mjomba kutoka safari. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Saa ziandikwe kwa saa ya ulimwengu (UTC), maana ndiyo inayotumika kubadilishana kumbukumbu. Sisi tuna njia ya mkato: kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni, chukua saa ya Kiswahili uongeze tatu. Saa tatu asubuhi ni 6:00 ya ulimwengu. Daftari langu la kwanza nilichanganya saa ya ukutani, ya simu na ya Kiswahili, na miezi mitano ile haina maana kwa mtu yeyote, hata kwangu.

Kisha wahesabu. Rudolf Wolf wa Zurich alituachia kanuni katika karne ya 19 ambayo bado inatumika: makundi mara kumi, jumlisha madoa yote mmoja mmoja. Makundi manne yenye madoa 17 ni 57. Doa moja peke yake kwenye jua zima ni 11, kwa sababu nalo ni kundi. Tangu 1981 hesabu za dunia hukusanywa Brussels, kwenye Royal Observatory of Belgium, na wanaopeleka si wataalamu peke yao, wamo wapenzi wa nyumbani kama sisi. Darubini ndogo ikikupa hesabu ndogo si aibu. Wanakupatia kizidishio chako baada ya kukulinganisha na wengine. Wanachotaka ni darubini ile ile, jicho lile lile, mwaka hadi mwaka.

Wasimulie wanafunzi habari za Heinrich Schwabe. Alikuwa mfamasia wa mji wa Dessau, Ujerumani. Mwaka 1826 alianza kutazama jua akitafuta sayari aliyodhani imejificha ndani ya njia ya Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na jua, na ili asiichanganye na doa, ikambidi ayaandike madoa yote. Sayari haikuwepo. Mwaka 1843 alipofungua madaftari yake akaona kwamba madoa hujaa na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama kumi. Leo tunasema kumi na moja kwa wastani. Hakuna profesa aliyelithibitisha hilo kabla ya muuza dawa. Waingereza walimpa medali ya dhahabu 1857, naye akaendelea kuchora mpaka 1867.

Assalaam alaykum Mama. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, niko Maskati miaka ishirini. Nina kamera nzuri na lenzi ya milimita 300, nimenunua na karatasi ya kichujio. Picha zangu ni kichungwa kisicho na kitu. Nataka kupiga mlipuko wa jua, ule unaoruka kama ulimi wa moto. Nitumie pesa kiasi gani?

Waalaykum salaam mwanangu. Kabla ya pesa, hesabu. Gawa milimita zilizoandikwa kwenye lenzi kwa 109, utapata upana wa jua ndani ya kamera. Lenzi yako inatoa duara lisilofika hata milimita tatu. Hicho ndicho kichungwa chako. Darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1,000 itakupa milimita tisa, na hapo kiini cheusi cha doa na ukingo wake wa kijivu vitaanza kuachana.

Kichujio kitazame namba. Kampuni ya Baader na nyingine zinauza karatasi ya 5.0, inayopitisha sehemu moja tu katika 100,000 ya mwanga, na ile ya 3.8 inayopitisha zaidi. Hiyo ya pili ni ya kamera pekee, jicho lisiiguse. Kikae mbele ya lenzi kubwa, kifungwe kwa utepe upepo usikipeperushe, kamwe kisikae nyuma. Vipo vichujio vidogo vya kizamani vya kukaza kwenye lenzi ya jicho, vimeandikwa SUN kwa mbwembwe. Vinapasuka kwa joto. Ukikikuta kwenye boksi, kipige nyundo wewe kabla hakijamwahi mtu.

Anza na ISO 100, tundu f/8, sehemu ya 1/1000 ya sekunde, kisha panda au shuka. Zima ulengaji wa kujiendesha, tafuta ukali wa picha kwa mkono kwenye ukingo wa jua. Na ushuke kutoka kwenye hilo paa la zege, maana najua nyumba za huko. Zege likishapata joto hewa juu yake inachemka kama sufuria, na doa litacheza usilikamate. Piga mapema, saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, ukiwa ufukweni bahari ikiwa mbele yako, au kwenye majani. Mimi hapa nimetoka barazani kwenye sakafu nikahamia chini ya mwembe, hatua kumi na mbili tu, na michoro yangu ikabadilika. Wakati mwingine badala ya picha moja chukua video ya sekunde thelathini, uipe programu ya AutoStakkert, ni ya bure, ichague vipande vilivyotulia na kuviweka juu ya vingine. Mjukuu wangu ndiye anayenifanyia. Mimi hupika maandazi kompyuta ikisaga.

Sasa mlipuko. Kwa karatasi ya kichujio utaona madoa, milipuko karibu hutaiona kabisa. Huonekana vizuri zaidi katika rangi moja nyekundu ya hidrojeni, nanomita 656.3, iliyozama ndani ya mng'ao wa jua zima. Ili uichomoe unahitaji darubini maalumu ya hidrojeni-alfa, yenye kichujio kinachopitisha ukanda mwembamba tu wa rangi hiyo. Hata ile ndogo yenye lenzi ya upana wa milimita 40 bei yake inazidi ya kamera za watu wengi. Kwa mtu wa Maskati mwenye anga safi karibu mwaka mzima, sikukatazi. Ila fahamu kwamba zile ndimi zinazoning'inia ukingoni ambazo utaziona kila siku si milipuko. Ni mawingu ya gesi yaliyoshikwa na sumaku. Mlipuko wenyewe ni mng'ao wa ghafla juu ya kundi la madoa, na mkubwa unaweza kupanda na kushuka ukiwa bado unatafuta chaja.

Nikupe mfano wangu. Tarehe 3 Oktoba 2024 asubuhi nilichora kundi kubwa, la namba 3842, nikaandika pembeni "limechachamaa". Nikafunga daftari nikaenda kukuna nazi. Saa tisa na dakika 18 alasiri kundi lile lile likatoa mlipuko wa daraja X9.0. Madaraja ni A, B, C, M na X, kila moja ni mara kumi ya lililotangulia, na huo ulikuwa mkubwa kupita yote katika mzunguko huu hadi siku hiyo. Jua lilikuwa juu ya Afrika, kwa hiyo sisi ndio tuliopata. Sikuona chochote. Jirani yangu mzee, ambaye bado anasikiliza redio ya masafa mafupi, alikuja mlangoni kulalamika kwamba stesheni zote zimekauka ghafla, betri ni mpya, nimtazamie. Eksirei za jua zinafika kwa dakika nane na kitu, zinaushambulia ukanda wa juu wa hewa unaorudisha mawimbi, na redio inazimwa upande wa mchana. Kabla hajamaliza kikombe cha chai sauti ikaanza kurudi. Basi mwenye redio ya elfu kumi na tano aliupata mlipuko, mwenye darubini hakuupata.

Na usikate tamaa moja kwa moja na mwanga mweupe. Tarehe 1 Septemba 1859 Richard Carrington, tajiri mmoja wa Kiingereza asiye mwajiriwa wa mtu, alikuwa anachora madoa kwa kuangusha picha ya jua kwenye kioo kilichopakwa rangi, namna ile ile niliyomwelekeza mwalimu wa Kasulu. Alama mbili nyeupe zikawaka juu ya doa mbele yake. Alikimbia kutafuta shahidi. Aliporudi, chini ya dakika moja baadaye, zilikuwa zinafifia. Bahati yake, Mwingereza mwingine, Richard Hodgson, aliziona kwake. Saa kumi na saba na ushei baadaye simu za waya za telegrafu zikachanganyikiwa Ulaya na Marekani. Mimi kwa miaka hii yote sijapata hata moja ya namna hiyo.

Mimi ni mvuvi wa Ukerewe. Mwenyekiti wetu anasema madoa ya jua yakizidi, Ziwa Viktoria linapanda, kwamba wazungu walithibitisha zamani. Nyumba yangu ililiwa na maji. Niamini?

Pole sana ndugu yangu kwa nyumba. Mwenyekiti hakulitunga hilo. Maji ya ziwa yamepimwa upande wa Uganda tangu 1896, na miaka ya 1920 mtaalamu wa hali ya hewa wa Kiingereza, C. E. P. Brooks, aliweka vipimo hivyo kando ya hesabu ya madoa akakuta vinapanda na kushuka pamoja kwa namna ya kupendeza. Uhusiano huo ulipochapishwa tu, ukaanza kuvunjika. Watafiti wamerudia hoja hiyo hata karne hii na ubishi haujafungwa, lakini tazama mwenyewe. Mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, wakati madoa yanapungua. 1964 ziwa likiwa kileleni, jua lilikuwa karibu tupu. Mei 2020 ziwa likaivunja rekodi hiyo, nayo ilikuwa miezi michache baada ya mzunguko kuwa chini kabisa, Desemba 2019. Kisha Mei 2024 likapanda tena kupita hapo, na safari hii jua lilikuwa limejaa madoa.

Kwa hiyo usijenge kwa kufuata madoa. Aliyeniuliza hivyo mwingine, wa Musoma, alitaka nimwambie mwaka wa kuuza kiwanja. Nilimwambia atazame alama ya maji ya 2024 kwenye mawe, apande juu yake.

Shikamoo bibi. Niko darasa la saba Makunduchi. Baba alipiga picha ya jua kwenye ukuta kwa darubini yake, nami nikachora. Je, doa ni shimo? Na wewe uliliona hili langu?

Marahaba mjukuu wangu. Ni shimo kidogo, ndiyo. Alexander Wilson wa Glasgow aliliona 1769: doa likikaribia ukingo wa jua, linaonekana limebonyea kama sahani. Lakini halina giza. Sumaku yenye nguvu, aliyoigundua George Ellery Hale mwaka 1908, inaziba joto lisipande, basi pale panabaki nyuzi elfu tatu na nusu au nne wakati jirani zake wana elfu tano na nusu. Linaonekana jeusi kama vile taa ya kibatari inavyoonekana nyeusi ukiishika mbele ya taa ya gari.

Kuhusu la pili, umenipa kazi. Mchoro wako hauna tarehe wala saa. Nilifungua kaunta buku, nikarudi nyuma wiki sita, hakuna ukurasa uliofanana nao. Nikakaa nao siku mbili. Kisha nikakumbuka kwamba darubini ya baba huenda ina kioo cha kona, ambacho hugeuza kushoto kuwa kulia. Nikaugeuza mchoro, nikaubandika kwenye kioo cha dirisha, mgongo wa karatasi ukinitazama na jua likipenya kwa nyuma. Madoa matatu ya mstari, moja lenye mkia, na vidogo viwili juu yake. Ukurasa wa Jumanne, saa 5:40 ya ulimwengu. Umekiona hata kile kidogo cha pembeni nilichokikosa. Nimekiongeza kwa kalamu nyekundu, nimeandika "Makunduchi".